Waziite ngome, ila kwanza wakaulize Fort Jesus

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, kurasa za siasa za magazeti ya Kiswahili hugeuka ramani za vita. Mkoa huu ni ngome ya chama fulani, jimbo lile ni ngome ya mheshimiwa fulani. Mgombea wa upande wa pili akifanya mkutano wa saa mbili uwanjani, ataandikwa kuwa "amevamia ngome". Kenya ina ngome ya Nyanza, ya Mlima Kenya na ya Bonde la Ufa. Kwa upande wa Tanzania, Pemba iliitwa ngome miaka mingi hata mtoto wa shule akajua ni ya nani. ACT-Wazalendo wamekwenda mbele zaidi, kwa maana jumuiya zao zenyewe zinaitwa Ngome ya Vijana, Ngome ya Wanawake na Ngome ya Wazee. Watangazaji wa mpira nao hawako nyuma: mabeki wakitulia dakika 90 ngome ni imara, wakiruhusu bao la kizembe ngome imevuja.

Lugha ya vita ina utamu wake na hakuna haja ya kumnyima mtu utamu. Tatizo ni maana inayobebwa. Mwanasiasa akitamka "ngome yangu" anamaanisha mahali pasipoingilika, mali yake, kura zinazohesabiwa kabla hazijapigwa. Mwandishi naye hulipokea neno hilo bila kuuliza na kulipeleka kwenye kichwa cha habari. Sasa, pwani ya Afrika Mashariki ina ngome halisi, za mawe na chokaa, na habari zake zimeandikwa kwa karne nne. Mtu akizisoma hata kwa haraka atagundua kwamba zilihama mikono mara nyingi mno, na kwamba ni nadra sana ukuta kuwa ndio ulioshindwa.

Fort Jesus ya Mombasa ndiyo ya kuanzia. Haikujengwa kwa ubahili. Aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alikuwa mhandisi wa kijeshi mzaliwa wa Milan aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko India, na ramani yake ilifuata elimu ya vita iliyokuwa mpya kabisa Ulaya. Buruji nne za pembeni zilipangwa kwa namna ambayo mizinga ya buruji moja inaufagia ukuta wa jirani yake, kwa hiyo adui akiusogelea ukuta hapati kona ya kujibanza. Ujenzi ulianza 1593 juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Wareno walikuwa wametikiswa na Amir Ali Bey, nahodha wa Waturuki aliyefika pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580, wakaapa kwamba halitokei tena. Mwaka 1596 ngome ilikuwa imesimama.

Miaka 35 baadaye ilitwaliwa na mtu aliyeingia kwa mlango mkubwa, kwa miguu yake, akipokewa kama mgeni wa heshima.

Mtu huyo alikuwa Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa, ambaye Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno hao hao. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa, akafunzwa mambo ya bahari na mizinga, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kama kibaraka mwaminifu. Kwa hesabu za makao makuu, hapakuwa na mtu wa kuaminika kuliko yeye. Lakini palikuwa na minong'ono kwamba huenda kwenye kaburi la baba yake na kuliombea Kiislamu, na nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alijiandaa kumshtaki Goa. Agosti 1631, siku za sikukuu ya Bikira Maria, sultani aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kusalimia, akamchoma nahodha kisu, na kabla ya kupambazuka mizinga yote ilikuwa yake. Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu na askari kutoka Goa, wakajaribu kuirudisha ngome kwa nguvu na wakashindwa kabisa. Walikuja kuipata baadaye kwa sababu tu Yusuf mwenyewe aliihama Mei 1632, akapanda merikebu akaenda zake. Yaani ngome ile ile, katika miezi isiyofika kumi, ilipotea bila ukuta kuguswa, ikagoma kutekwa ukuta ulipopigwa, kisha ikaachwa wazi na aliyeishinda.

Kisa kikubwa zaidi ni cha mazingiwa ya 1696. Machi mwaka huo majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yalitia nanga Mombasa. Ndani ya ngome walikuwamo Wareno wachache, hamsini hivi wenye silaha, pamoja na mamia ya Waswahili waliokuwa upande wao, wanawake na watoto wakiwamo. Waomani hawakuwa na haraka. Walikaa kisiwani, wakaziba njia za nchi kavu, na kuiachia njaa kazi yake. Msaada kwa waliozingirwa ulitegemea merikebu kutoka Goa au Msumbiji, na merikebu zilitegemea pepo. Kaskazi isipovuma hakuna wa kufika kutoka India, hata kama mfalme amepiga muhuri. Shehena ya kwanza ilifika mwishoni mwa 1696. Ilileta nafuu kidogo, kisha ndani ya wiki chache maradhi yakaanza kuwamaliza watu katika vyumba vyenye joto na maji machafu.

Kufikia Agosti 1697 hapakuwa na askari Mreno aliye hai. Ngome kubwa ya Wareno katika Afrika Mashariki ilikuwa inalindwa na Sheikh Daud wa Faza, Mswahili na Mwislamu, akiwa na jamaa zake, Waafrika wachache wanaume, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini waliokamata zamu za ukutani. Hii ndiyo sura ambayo hotuba za ngome hazina nafasi nayo. Walioishikilia walikuwa watu ambao jina lao halimo langoni, wala hawakuwahi kuulizwa iwapo vita vile ni vyao. Septemba nyongeza ya askari ikafika kutoka Msumbiji, na mwezi uliofuata merikebu Santo António de Tanna, iliyokuja na msaada huo, ikazama chini ya ngome yenyewe. Mabaki yake yalipigiwa mbizi na wataalamu kuanzia 1977, na leo vitu vyake vimepangwa katika jumba la makumbusho lililomo humo humo ngomeni.

Waomani walipoparamia kuta Desemba 1698, baada ya miezi 33, waliowakuta wenye uwezo wa kusimama walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Siku chache baadaye kikosi kingine cha msaada kikatokea upeo wa macho, kikaona bendera nyekundu inapepea juu ya buruji, kikageuza matanga.

Mgeni anayezuru Fort Jesus sasa ataona kitu kidogo ambacho wengi hukipita wakikimbilia mizinga: michoro iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Nyingi ni picha za merikebu. Zimechorwa kwa makini, milingoti na matanga yote, na watu ambao kazi yao ilikuwa kungoja merikebu.

Yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu, kwa kuwa mtindo ni ule ule. Mwaka 1728 Waomani waligombana wenyewe kwa wenyewe na askari wa ngome wakaasi. Wareno wakarudi Mombasa bila jasho. Mwaka 1729 watu wa Mombasa, waliokwisha kuchoshwa na ujeuri wao, waliinuka wakaizingira ngome, na Novemba Wareno wenye njaa wakasalimu amri. Ukoo wa Mazrui uliitawala kwa takriban karne moja, ukamtambua bwana wa Omani ulipotaka na kumkana ulipotaka. Waliosoma tungo za Muyaka bin Haji wanajua jinsi Mombasa ya wakati huo ilivyojivunia kutotishika na Seyyid Said wa Omani. Kweli, Seyyid Said alipiga hodi kwa mizinga mara kadhaa asifanikiwe. Alichofanikiwa nacho, mwaka 1837, ni mgawanyiko. Wamazrui walikuwa wakigombea kiti, baadhi ya wakubwa wa mji walikwisha kufanya mazungumzo naye, na liwali Rashid bin Salim akakubali kuiacha ngome kwa mapatano. Baadaye wakuu wa ukoo walikamatwa na kupelekwa ng'ambo, wengine wakakimbilia Gazi na Takaungu. Mara moja tu mizinga ndiyo iliyoamua, Januari 1875, pale manowari za Waingereza zilipoipiga ngome ili kumtoa akida Muhammad bin Abdallah aliyemwasi Seyyid Barghash wa Zanzibar. Na hata hapo ilichukua saa, wala si miezi.

Kutoka pwani, twende bara. Mkwawa wa Uhehe aliwashinda Wajerumani Lugalo, Agosti 17, 1891, katika vichaka, bila ukuta wa aina yoyote. Wapiganaji wake walijificha kwenye majani, safu ndefu ya Emil von Zelewski ikaingia katikati, na kamanda huyo hakutoka hai. Ni ushindi ambao Jeshi la Wananchi wa Tanzania limeuenzi kwa kuipa kambi yake ya Dar es Salaam jina la Lugalo. Mkwawa alikuwa pia na Kalenga, makao yake makuu yenye ukuta mrefu wa mawe na udongo, maghala ya baruti na akiba ya pembe za ndovu. Watu wa zama zile waliiona kuwa haichukuliki. Wajerumani walikuja na mizinga, wakaipiga kutoka mbali, na Oktoba 30, 1894 askari wao wakaingia. Kazi ya siku chache.

Lakini Mkwawa hakuwamo. Alitoka, akarudi porini, na Wajerumani wakatumia karibu miaka minne kumtafuta mtu asiye na ngome. Walitangaza zawadi kwa kichwa chake, wakachoma mashamba, wakawaadhibu waliompa chakula, na wananchi wakaendelea kumpa. Julai 19, 1898 alijipiga risasi kabla hawajamfikia. Fuvu lake lilirudishwa 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Ukilinganisha tarehe hizo utaona ukuta wa Kalenga ulimlinda siku ngapi na watu wa Uhehe walimlinda miaka mingapi. Isike wa Unyanyembe hakupata bahati hiyo. Alijifungia katika ngome yake ya Tabora, akarudisha nyuma mashambulizi kadhaa mwaka 1892, na Januari 1893 ilipovunjwa akajilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa.

Kama kuna aliyeipeleka imani ya kuta mpaka kilele, ni Henri Christophe wa Haiti. Baada ya watumwa wa kisiwa kile kuwashinda Wafaransa na kutangaza uhuru 1804, yeye aliyetawala upande wa kaskazini aliagiza ijengwe ngome juu ya mlima, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ili Wafaransa wakirudi wakute mizinga inawatazama kutoka mawinguni. Watu waliofanyishwa kazi wanakadiriwa kufikia 20,000, na wengi walifia hapo. Citadelle Laferrière ilikamilika kufikia 1820. Wafaransa hawakutokea. Mwaka huo huo Christophe alipata kiharusi, jeshi lake likaasi, raia waliochoka kubebeshwa mawe hawakumtetea, na Oktoba akajiua katika kasri lake lililo chini ya mlima. Waliobaki waaminifu walimpandisha usiku wakamzika ndani ya ngome. Mpaka leo haijawahi kushambuliwa na adui yeyote wa nje.

Iko sifa nyingine ya ngome za pwani ambayo wanasiasa hawaitaji kamwe: nyingi ziliishia kuwa jela. Fort Jesus ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa miaka ya 1820 kwa msaada wa Seyyid Said, ilifunga watu mpaka 1984. Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo leo watu huingia kwa tiketi kusikiliza muziki wa Sauti za Busara, nayo ilipata kuwa jela. Ile ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka kesho. Sababu ni nyepesi: ukuta uliojengwa kuzuia watu kuingia hauhitaji marekebisho makubwa ili kuzuia watu kutoka.

Na hapo ndipo tamathali inapofanana na hali halisi kuliko wanavyotaka wenye kuitumia. Mkazi wa jimbo lililopewa jina la ngome anajua adha yake. Chama kilichomo madarakani, ikiwa ngome si yake, kinasema hakuna haja ya kupeleka barabara kwa watu wasiokipigia kura. Chama chenye ngome kinasema hakuna haja ya kuhangaika na watu ambao ni wake tayari, kinapeleka nguvu, fedha na viongozi wake wakuu kwenye majimbo yenye ushindani. Kura ya maoni ndani ya chama inakuwa ndiyo uchaguzi, tena mara nyingi inaamuliwa na wajumbe wachache chumbani. Mwenyeji anabaki na fulana, kanga na wimbo. Mwandishi wa makala haya anaona hii kuwa dhuluma ya kimyakimya, na magazeti yamekuwa yakiitia baraka kwa kuyaita majimbo ngome bila kueleza nani analipa gharama ya kuta.

Hata hivyo, wenyeji si matofali. Mwaka 2007 watoto watatu wa Rais mstaafu Daniel arap Moi waligombea ubunge katika Bonde la Ufa, eneo lililohesabiwa kuwa la baba yao kwa miongo, na wote watatu wakaangushwa. Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila Odinga, akawaomba watu wa Mlima Kenya wamfuate, na mlima ukampa William Ruto kura nyingi katika uchaguzi ambao Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 tu. Hakuna jeshi lililopanda mlima huo. Watu walikuwa na malalamiko ya bei na madeni ambayo hawakuona yakijibiwa, na mwenye ngome akagundua funguo ziko kwa wakazi.

Pemba ndiyo inayofanana zaidi na visa vya kale. Machi 2019, baada ya mgogoro mrefu wa uongozi ndani ya CUF kumalizikia mahakamani upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Matawi ya CUF Unguja na Pemba yalibadilishwa rangi kwa kasi ya ajabu. Watu walishusha bendera, wakapandisha nyingine, wakachukua brashi wakapaka kuta zile zile rangi mpya. Ngome iliyoitwa ya CUF kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa, kumbe, ya Maalim na watu wake, na chama kilikuwa mpangaji. Matokeo ya 2020, ambayo upinzani uliyakataa, yaliipa CCM sehemu kubwa ya majimbo ya kisiwa hicho, na hiyo ni habari yenye mabishano ya peke yake.

Wapo watakaosema neno limekwisha kuzoeleka na haliondoki. Kweli haliondoki, wala si lazima liondoke. Mwumini anayesoma Zaburi humkuta Mungu akiitwa jabali na boma, na Mwislamu mwenye kijitabu cha dua cha Hisnul Muslim, yaani Ngome ya Mwislamu, mfukoni amebeba ngome yake pia. Hao wanazungumzia kimbilio, na ngome kama kimbilio ni maana safi. Kinachotakiwa kuachwa ni ngome kama mali ya mtu, na wa kwanza kuacha wawe wahariri.

Dawa yake haihitaji semina. Mhariri anayekuta "ngome ya" katika habari aliyoletewa amrudishie mwandishi na maswali manne: walioandikishwa jimboni ni wangapi, waliojitokeza kupiga kura mara ya mwisho ni wangapi, mshindi alimzidi wa pili kwa kura ngapi, na pengo hilo lilikuwaje uchaguzi uliotangulia. Majibu hayo yachapwe badala ya neno lenyewe. Tume za uchaguzi za Kenya na Tanzania zinachapisha takwimu hizo, kuzipata ni bure, na uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 2027.